Lugha za Safari katika Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa: Mjifunzaji wa Kyela na Hila za Lugha Jirani

1.0 Utangulizi

Vijitabu vya kumfundisha msafiri lugha ya kigeni vina sura moja takriban duniani kote. Huanza na maamkizi, hufuatiwa na tarakimu, kisha huja sentensi za hotelini, sokoni, kituo cha mabasi na hospitalini. Sentensi hizo hupangwa katika safu mbili: lugha ya msafiri upande mmoja, lugha ya wenyeji upande wa pili. Msingi wa mpangilio huo ni dhana kwamba msafiri haijui hata kidogo lugha anayoiendea, na kwamba kila neno atakalolisikia huko litakuwa geni masikioni mwake. Kwa Mjerumani aendaye Japani dhana hiyo ni sahihi. Kwa mkazi wa Kyela aendaye Karonga, Mzuzu au Lilongwe ina kasoro kubwa, kwa sababu msafiri huyo huyatambua maneno mengi tangu hatua ya kwanza, na baadhi ya hayo anayoyatambua humpotosha.

Makala haya yanachunguza hali ya mjifunzaji huyo. Yanaonyesha kwanza ni lugha zipi zinazomkabili, kisha yanajadili kwa kirefu mahali ambapo kufanana kwa lugha za Kibantu kunamtega, hususan katika viambishi vya wakati na vya heshima. Mwisho yanapendekeza namna masomo ya lugha ya safari yanavyoweza kupangwa kwa ajili yake.

2.0 Mto, Mpaka na Lugha

Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, ni tambarare ya mpunga na kakao iliyo katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mashariki imepakana na milima ya Livingstone, na magharibi na kusini magharibi mto Songwe unaitenga na Malawi. Mto huo una tabia ya kuhama. Katika uwanda wake wa chini, karibu na ziwa, mafuriko huuchimbia njia mpya, na shamba lililokuwa ng'ambo hii huweza kujikuta ng'ambo ile. Serikali za Tanzania na Malawi zimekuwa na mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na kutulia kwa mkondo wa mto ni mojawapo ya shabaha zake. Kwa mwanaisimu jambo hili lina mafunzo: mpaka unaoweza kuhama usiku mmoja hauwezi kuwa mpaka wa lugha.

Na kweli sio. Kinyakyusa cha Kyela na Kingonde cha Karonga huhesabiwa na wanaisimu wengi kuwa ni lugha moja yenye lahaja. Wageni wa mwanzo waliliona hilo mapema. Schumann, mmisionari wa Kijerumani, alipochapisha sarufi yake mwaka 1899 aliiita lugha ya upande wa kaskazini "Konde". Naye Mackenzie, mmisionari wa Kiskoti aliyefanya kazi upande wa Karonga, alitumia jina hilohilo katika kitabu chake cha mwaka 1925. Jina lilikuwa moja kabla ya pasipoti kulitenga.

Wanyakyusa hawako peke yao. Katika ufuko wa mashariki, chini ya milima, wako Wakisi, wafinyanzi mashuhuri wa Ikombe, ambao huleta vyungu vyao kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema. Milimani wako Wakinga, na upande wa Ileje Wandali. Mkisi anayeuza chungu kwa Mnyakyusa amekwisha kufanya safari ya lugha kabla ya kufika kwenye mpaka wowote wa dola. Juu ya lugha zote hizo kuna Kiswahili, lugha ya shule, ya ofisi na ya soko la Kyela mjini. Kwa hiyo mjifunzaji anayekusudiwa hapa ana, kwa uchache, lugha mbili kabla hajaanza somo la kwanza.

3.0 Nani Aliandikiwa Kitabu?

Kujifunza lugha kwa ajili ya safari ni desturi ya zamani katika mwambao huu. Hata safari fupi ilidai lugha yake: mke wa Kinyakyusa alipohamia kwa mumewe alipaswa kujifunza ingamwana, yaani msamiati wa kuepuka jina la baba mkwe na maneno yanayofanana nalo. Bibi arusi aliyetembea mwendo wa saa moja tu hadi kijiji cha jirani alianza kujifunza upya namna ya kutaja vitu vya kila siku. Kwa mintarafu ya nidhamu ya ulimi, ni walimu wachache wa lugha za kigeni wanaodai kiasi hicho.

Kiswahili chenyewe kilifika upande wa Karonga kwa miguu ya misafara ya pembe na watumwa. Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara aliyejiimarisha huko katika miaka ya 1880, alipigana na Kampuni ya Maziwa ya Waskoti tangu 1887 hadi 1889, akanyongwa na Waingereza Desemba 1895. Wangonde walioishi chini ya vitisho vya ngome zake walijifunza Kiswahili kwa njia ambayo hakuna mwalimu angeichagua, na si ajabu kwamba kwa muda mrefu lugha hiyo ilibeba kumbukumbu mbili huko: biashara na utumwa.

Wamisionari wa Kijerumani waliofika mwaka 1891, Wamoravian na wale wa Berlin, walilazimika kujifunza Kinyakyusa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuhubiri. Matokeo yake ni kazi za kisarufi ambazo bado zina thamani: sarufi ya Schumann iliyokwisha kutajwa, na mazoezi ya kwanza ya Kinyakyusa yaliyochapishwa na Endemann huko Hamburg mwaka 1914. Kwa jicho la ualimu kitabu cha Endemann kinavutia kwa kuwa ni cha mazoezi. Kinamchukua mwanafunzi hatua kwa hatua badala ya kumkabidhi majedwali. Mwaka 1996 kilifuata kitabu cha Felberg, kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili iliyochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, na mwaka 2017 uchunguzi mpana wa Persohn juu ya kitenzi cha Kinyakyusa.

Kazi hizi zote zinamhudumia zaidi mtu anayekuja Kyela. Yule anayetoka Kyela alijifunzia njiani. Mfano mkubwa ni wa wanaume walioajiriwa na Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambalo liliwachukua watu wengi kutoka Rungwe, wilaya ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake wakati wa ukoloni. Mgodini walifundishwa Fanagalo, lugha ya amri iliyoundwa kwa Kizulu kilichokatwakatwa pamoja na Kiingereza na Kiafrikana. Lugha hiyo iliweza kumwelekeza mtu ashike sururu na asogeze toroli. Kumuuliza habari za nyumbani haikuwa kazi yake. Katika Fanagalo tata ni "chukua". Katika Kinyakyusa tata ni "baba". Kijana aliyetoka ukingoni mwa ziwa alilisikia neno la kumheshimu mzazi likitumika siku nzima kumwamuru abebe mzigo.

4.0 Lugha Ipi Ifundishwe?

Swali hili hurukwa kirahisi. Anayetaka kufundisha "lugha ya Malawi" hukimbilia Kichewa, na anayo sababu: mwaka 1968 Kinyanja kilipewa jina la Kichewa na kufanywa lugha ya taifa ya Malawi sambamba na Kiingereza. Lakini uamuzi huo huo uliiondoa Kitumbuka redioni na shuleni, na hakikurudi redioni hadi mwaka 1994, baada ya utawala wa chama kimoja kuanguka. Kwa msafiri wa Kyela historia hiyo ina uzito, maana barabara yake ndiyo hiyo. Kutoka Kasumulu hadi Karonga, mwendo wa kilomita 45 hivi, anaweza kusafiri kwa Kinyakyusa chake bila taabu kubwa. Kutoka Karonga hadi Mzuzu, zaidi ya kilomita 200, anaingia hatua kwa hatua katika nchi ya Kitumbuka. Kichewa kama lugha ya mama ya wenyeji kiko mbali zaidi kusini.

Wamalawi wa kaskazini waliosoma wanakifahamu Kichewa, kwa hiyo anayekizungumza ataeleweka. Hata hivyo, mzee wa Rumphi anayeamkiwa kwa Muli bwanji? anaamkiwa kwa lugha aliyolazimishwa. Anayeamkiwa kwa Muli uli? anaamkiwa kwa lugha ya nyumbani. Maamkizi ya Kitumbuka, jibu lake na neno la shukrani yewo ni mzigo mwepesi sana kwa msafiri kuubeba, na ni vigumu kuona sababu ya kumnyima. Baada ya hapo Kichewa kinaweza kuchukua nafasi kubwa ya masomo, kwa kuwa ndicho kitakachomfikisha hadi Lilongwe na Blantyre.

5.0 Kufanana Kunakosaidia

Urithi wa Kibantu unampa mjifunzaji mtaji ambao haufai kupotezwa. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Kiswahili: mtu, kitu, kuku
Kinyakyusa: umundu, ikindu, inguku
Kichewa na Kitumbuka: munthu, chinthu, nkhuku

Uhusiano wa sauti hapa ni wa utaratibu. Kinyakyusa huanza nomino kwa irabu tangulizi, na baada ya nazali hutumia kipasuo ghuna: nd, ng. Kichewa hakina irabu hiyo, na baada ya nazali kina kipasuo chenye mpumuo: nth, nkh. Ki- ya Kiswahili na iki- ya Kinyakyusa ni chi- ya Kichewa. Mjifunzaji aliyeonyeshwa kanuni hizi kwa dakika kumi anaweza kuyakisia maneno ambayo hajayasikia. Tena, pale Kiswahili kinapomwacha, mara nyingi Kinyakyusa humpokea: "kulala" ni kugona kwa Kichewa, na mtu wa Kyela aliyezoea salamu ya ugonile hahitaji kufundishwa kitenzi hicho.

Lakini kanuni ina mwisho wake, na mwisho huo uko sokoni. Samaki mkubwa wa ziwani ambaye Kyela huitwa mbasa, ng'ambo huitwa mpasa. Mjifunzaji hodari aliyeishika kanuni ya mpumuo atasema mphasa, na hapo atakuwa ameomba mkeka. Kosa hili ni la mwanafunzi mwerevu, mzembe halipati.

6.0 Kufanana Kunakodanganya

6.1 Msamiati

Maneno ya aina hii yanajulikana na wafanyabiashara wengi, nayo huwa vichekesho vya kituo cha mabasi. Maarufu zaidi ni mkazi. Kwa Kiswahili cha fomu za serikali, mkazi wa Kyela ni mtu aishiye Kyela. Kwa Kichewa mkazi ni mwanamke au mke. Mwanamume anayejitambulisha mbele ya afisa kuwa ndine mkazi wa ku Kyela amejitangaza kuwa mwanamke. Alichotakiwa kusema ni ndimakhala ku Kyela, "naishi Kyela". Kutenga kwa Kichewa ni kuchukua, ambapo kwa Kiswahili ni kuweka kando. Muuzaji anayeambiwa tengani huku akinyoshewa noti, asipojua, ataitenga bidhaa badala ya kuichukua pesa. Mtengo ni mti, na pia ni bei. Kichewa huzitofautisha maana hizo kwa toni, na hapo mjifunzaji wetu hana msaada wowote, kwa sababu Kiswahili na Kinyakyusa zote mbili ni lugha zisizo na toni.

Makosa ya msamiati, hata hivyo, hujirekebisha. Mtu akicheka, msafiri hugundua kuwa amekosea. Kosa la hatari ni lile ambalo pande zote mbili hazilitambui.

6.2 Viambishi vya wakati

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Linganisha:

(2) Kiswahili: anafika = yuko katika kufika sasa
Kichewa: anafika = alifika

(3) Kiswahili cha mazungumzo: basi inapita = basi iko njiani, inapita
Kichewa: basi inapita = basi ilikwenda, imekwisha kuondoka

Sentensi hizi zinafanana herufi kwa herufi. Mizizi -fika na -pita ni ya urithi mmoja (ingawa -pita kwa Kichewa ni "kwenda" zaidi kuliko "kupita"), na kiambishi -na- kipo katika lugha zote mbili. Tofauti ni kwamba -na- ya Kiswahili ni ya wakati uliopo na ile ya Kichewa ni ya wakati uliopita. Wakati uliopo wa Kichewa unabebwa na -ku-: akufika, "anafika", ndikupita, "ninakwenda".

Tuchukue mama aliyempeleka mtoto mgonjwa hospitalini ng'ambo ya mto. Anauliza habari za daktari, naye anajibiwa kwa upole: Adokotala anapita. Kwa masikio ya Kiswahili jibu hilo linatia moyo: daktari anapita wodini, atafika hapa muda si mrefu. Mama anakaa chini kusubiri. Aliyemjibu amemwambia kwamba daktari amekwisha kuondoka, na anashangaa kumwona mgeni huyu haendi kumtafuta mwingine. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegundua kosa, na saa zinapita. Kijitabu cha safu mbili kingempa mama huyu sentensi ya kuuliza. Hakingempa chochote cha kulielewa jibu.

Kiambishi -a- kina mtego wake, na huu ni wa kushangaza zaidi:

(4) Kiswahili: yeye afika, wao wafika
Kichewa: mwana wafika = mtoto amefika; ana afika = watoto wamefika

Kwa Kiswahili a- ni ya mmoja na wa- ni ya wengi. Katika hali hii ya Kichewa mambo yamepinduliwa: wafika ni mmoja, afika ni wengi. Vilevile -a-, ambayo kwa Kiswahili ni ya wakati uliopo, kwa Kichewa ni ya tendo lililotimia, yaani inafanya kazi ya -me-. Kitumbuka nacho kina wakafika, "alifika", ambayo Mswahili huisikia kama kipande cha hadithi kilichokatwa mwanzo wake: "...wakafika", na kungoja kuambiwa ni akina nani. Kinyakyusa hakimsaidii mjifunzaji mahali hapa, kwa kuwa chenyewe huonyesha tendo lililotimia mwishoni mwa kitenzi, kwa -ile, kama katika ugonile.

Ukanushi utajwe kwa ufupi. Si- kwa Kiswahili ni ya nafsi ya kwanza umoja: sitaki. Kwa Kichewa hutumika kwa nafsi zote, hivyo sitikupita ni "hatuendi". Anayesikia si- na kudhani kuwa msemaji anajisema peke yake atakosea hesabu ya abiria.

6.3 Heshima

Kiswahili hutoa heshima kwa shikamoo, kwa majina ya ukoo na kwa sauti, viambishi havibadiliki. Mtoto wa Kyela humwambia babu yake "umeamkaje" bila kumvunjia adabu, ali mradi shikamoo imetangulia. Kichewa na Kitumbuka huitia heshima ndani ya kitenzi. Mkubwa huambiwa mu-, nafsi ya wengi: Muli bwanji?, na si Uli bwanji?. Kiwakilishi iwe, ambacho kwa sikio la Mswahili ni ndugu wa "wewe" asiye na ubaya, akiambiwa mtu mzima ni tusi. Heshima hiyo humfuata mtu hata asipokuwapo: bambo anga afika, "baba yangu amefika", hutumia umbo la wengi lililoonekana katika (4), ingawa baba ni mmoja. Amri nazo huongezwa -ni kwa mtu mmoja wa kuheshimiwa: bwerani, "njoo" kwa adabu, ambayo Mswahili anayeisikia hugeuka nyuma kutazama ni nani mwingine anayeitwa.

Mjifunzaji mwenye Kinyakyusa ana nafuu hapa, kwa kuwa mugonile ya wengi humfaa pia mkubwa mmoja. Inashauriwa basi kwamba katika somo la heshima mwalimu akiweke Kiswahili kando na kujenga juu ya lugha ya nyumbani. Ni kinyume cha mazoea ya shule, ambako lugha ya nyumbani hukaribishwa mara chache.

7.0 Masomo Yapangweje?

Yaweza kudaiwa kwamba haja yote hii imepungua. Kiswahili kinasikika katika masoko ya Karonga, na Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Lakini lugha ya mikutano ya wakuu wa nchi si lazima iwe lugha ya muuguzi wa zamu ya usiku, na anayesafiri akitegemea wenyeji wajifunze lugha yake hujikuta kimya mara aipitapo Karonga.

Masomo yanayopendekezwa yaanze na kusikiliza. Kwa juma la kwanza mwanafunzi asiombwe kusema chochote zaidi ya salamu. Asomewe vitenzi vitatu tu, kufika, kupita na kugona, katika nyakati tatu, naye kila mara aeleze kama jambo limekwisha, linaendelea au lilipita zamani. Orodha ya sentensi za hotelini ingoje. Maneno danganyifu kama mkazi na tenga yafundishwe pamoja na vichekesho vyake, maana kicheko hukaa kichwani. Somo la heshima lifuate, likifundishwa kwa kuigiza: mmoja awe mzee, mwingine kijana, na anayetamka iwe aanze upya.

Hesabu za Kichewa hazina haja ya kupewa muda mrefu. Kuanzia sita hujengwa juu ya tano, na sokoni bei hutajwa sana kwa tarakimu za Kiingereza, ambazo mwanafunzi wa Kyela anazo. Fedha yenyewe ndiyo yenye somo. Tangu mwaka 1971 Malawi hutumia kwacha, iliyogawanywa katika tambala mia moja. Tambala ni jogoo, na kwacha ni kitenzi kamili: ku-a-cha. Mwanafunzi aulizwe maana yake. Akisema "kunakucha", ameitafsiri -a- kwa Kiswahili, na arudishwe kwenye mfano wa (4). Akisema "kumekucha", apewe noti aende sokoni.